Mtoro bin Mwinyi Bakari

Mtoro bin Mwinyi Bakari (Dunda karibu na Bagamoyo, mnamo 1869 – Berlin, Ujerumani, 1927) alikuwa mwandishi na mwalimu wa lugha ya Kiswahili kutoka pwani ya Mrima, katika Tanzania ya leo. Anajulikana hasa kama mwandishi mkuu wa kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa mjini Göttingen mwaka 1903. Tangu mwaka 1900 alifundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, na baadaye katika Taasisi ya Ukoloni mjini Hamburg. Aliishi Ujerumani karibu nusu ya maisha yake, kwa sehemu kubwa bila ya kutaka, kwa kuwa mwaka 1905 utawala wa koloni ulimkatalia kurudi kwao pamoja na mke wake Mjerumani.

Jina lake huandikwa kwa namna mbalimbali. Katika vitabu vya Kijerumani vya wakati ule ni "Mtoro bin Mwenyi Bakari". Penginepo alifahamika kama Mtoro Bakari tu. Neno "Mwinyi" mbele ya jina la babake si sehemu ya jina lenyewe bali ni heshima ya watu wa Mrima, wanayopewa waungwana wa mji.

Maisha ya awali

Dunda ni kijiji cha bara kidogo kutoka Bagamoyo, katika nchi ya Wazaramo. Watu wa huko walikuwa na uhusiano wa siku zote na mji: waliuza mazao, walioleana na watu wa pwani, na watoto wao walisoma Kurani kwa walimu wa mjini. Mtoro alipata elimu ya Kiislamu na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama ilivyokuwa kawaida ya waandishi wote wa pwani kabla ya shule za Wazungu. Alijua pia misingi ya sheria ya Kiislamu, na elimu hiyo inaonekana wazi katika maandishi yake juu ya ndoa, talaka, mirathi na madeni.

Alikulia Bagamoyo wakati mji huo ulikuwa mlango mkuu wa misafara ya bara. Maelfu ya wapagazi walifika kila mwaka na pembe za ndovu kutoka Unyamwezi na mbali zaidi. Wahindi walikopesha mtaji, Waarabu na Waswahili waliongoza misafara, na majumbe wa mji walidai ada zao kwa kila mgeni. Mtoro mwenyewe alisafiri. Simulizi lake la safari ya Udoe na Uzigua, yaani nchi iliyo nyuma ya pwani kati ya Bagamoyo na Pangani, ni kati ya taarifa za mapema kabisa kuhusu sehemu hizo zilizoandikwa na Mwafrika kwa lugha yake.

Alipokuwa kijana wa miaka 19 hivi, Wajerumani walianza kutwaa pwani. Mnamo Agosti 1888 upinzani ulianza Pangani chini ya Bushiri bin Salim, ukaenea haraka mpaka Tanga upande wa kaskazini na Kilwa upande wa kusini. Bagamoyo ilipigwa mizinga kutoka baharini, na sehemu ya wakazi walikimbia. Bushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana kwa miezi kadhaa baada yake. Vita hiyo ilipata mshairi wake katika Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, aliyetunga utenzi juu ya Wadachi kutamalaki Mrima. Mtoro hakuacha utenzi wala kumbukumbu ya vita. Baada ya mambo kutulia alifanya kazi chini ya utawala mpya, ikiwa pamoja na kukusanya kodi.

Seminari ya Berlin

Ili kuelewa kwa nini mtu wa Dunda alifika Berlin, inafaa kueleza chuo kilichomwita. Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa mwaka 1887 kando ya Chuo Kikuu cha Berlin, na mkurugenzi wake alikuwa Eduard Sachau, mtaalamu wa Kiarabu. Kusudi lake halikuwa utafiti wa maandiko ya kale bali matumizi: kuwaandaa wakalimani, mabalozi, maofisa wa koloni, wamisionari na wafanyabiashara. Hapo zilifundishwa Kichina, Kijapani, Kiarabu, Kituruki, Kiajemi na nyingine, pamoja na Kiswahili.

Kilichokuwa kipya ni kwamba lugha haikusomwa peke yake. Mwanafunzi aliyejiandaa kwenda Afrika ya Mashariki alisoma Kiswahili, na pamoja nacho jiografia ya nchi, dini ya Kiislamu, sheria, historia, mimea yenye faida na afya ya nchi za joto. Mwishoni aliweza kufanya mtihani wa diploma. Mpango wa namna hii, unaochukua eneo moja la dunia na kulitazama kwa fani nyingi kwa pamoja, ndio unaoitwa leo masomo ya kanda, na vyuo vikuu vingi huutoa kama shahada ya uzamili. Wanafunzi wa leo husoma kwa ajili ya utafiti, diplomasia au maendeleo. Wale wa Berlin walisoma kwa ajili ya kutawala. Tofauti hiyo si ndogo, lakini umbo la masomo ni lile lile.

Kila lugha ilikuwa na walimu wa aina mbili. Mwalimu Mjerumani alieleza sarufi. Kando yake alikuwapo lektori, yaani msemaji mzawa wa lugha, aliyefanya mazoezi ya mazungumzo, usomaji na mwandiko. Lektori wa kwanza wa Kiswahili alikuwa Sleman bin Said. Alifuatwa na Amur bin Nasur kutoka Zanzibar, aliyekaa Berlin miaka 1891 hadi 1895 na kuandika habari za maisha yake katika mji huo. Mwalimu Mjerumani wa kwanza alikuwa mmisionari C. G. Büttner, aliyefariki mwaka 1893. Mahali pake palichukuliwa baadaye na Carl Velten, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkalimani wa gavana mjini Dar es Salaam.

Haja ya wasomi wa Kiswahili ilikuwa kubwa, kwa sababu Wajerumani walikuwa wameamua kutawala koloni lao kwa lugha hiyo. Tanga ilikuwa mfano wa siasa hiyo. Huko ilifunguliwa shule ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafundisha kwa Kiswahili kwa herufi za Kilatini na kutoa makarani, walimu na maakida waliotumwa kote nchini. Mjini Tanga pia ndipo lilipochapishwa gazeti la Kiongozi. Hivyo Bwana Shauri aliyetoka Berlin na karani aliyetoka shule ya Tanga walikutana mezani kwa lugha moja, na Kiswahili cha yule wa kwanza kilitoka kwa sehemu mdomoni mwa mtu wa Bagamoyo.

Lektori

Mtoro alifika Berlin mwaka 1900. Wanafunzi wake walikuwa wanasheria, maofisa wa jeshi na watumishi wa serikali waliokuwa karibu kusafiri. Wengi walitazamia kuwaamuru Waafrika. Darasani walitakiwa kusahihishwa na Mwafrika. Hali hiyo ilizaa matatizo. Baadhi ya wanafunzi walimkosea heshima, naye hakukubali kunyamaza. Kwa mtu aliyelelewa katika miji ya Mrima, ambako salamu, cheo na umri vilikuwa na kanuni zake na ambako mwalimu hupewa heshima hata na mtoto wa jumbe, jambo hilo halikuwa dogo. Alilalamika kwa wakuu wa chuo lakini hakuungwa mkono alivyotarajia.

Nafasi yake pia ilikuwa ya chini. Lektori hakuhesabiwa kama mwanachuoni. Alikuwa chanzo cha lugha, na kazi ya kuipanga, kuieleza na kuichapisha ilibaki mikononi mwa Mjerumani aliyekaa kando yake.

Maandishi

Vitabu viwili vya Velten ndivyo vinavyobeba maandishi ya Mtoro. Cha kwanza, Safari za Wasuaheli (1901), ni mkusanyo wa masimulizi ya safari ya waandishi kadhaa wa pwani. Humo mna safari ya Mtoro ya Udoe na Uzigua. Mna pia simulizi la Selim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia na kueleza theluji na desturi za watu wa huko kwa macho ya mtu wa pwani.

Cha pili ni Desturi za Wasuaheli (1903), kilichotoka pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka huohuo. Ni kitabu kikubwa kinachofuata maisha ya mtu tangu mimba mpaka matanga. Kinaeleza uzazi na majina, malezi na adhabu za watoto, chuo cha Kurani, jando na unyago, posa na harusi, ngoma na michezo, pepo na uganga, magonjwa, ukulima na uvuvi. Baadaye kinaingia katika mambo ya mji: majumbe na vyeo, ada za kilemba, biashara na misafara, madeni na rehani, utumwa, uapo na hukumu.

Sehemu juu ya utumwa ina thamani ya pekee. Inapambanua mzalia aliyezaliwa nyumbani na mtumwa aliyeletwa kutoka bara. Inaeleza mavazi, kazi, ndoa za watumwa na namna ya kuachwa huru. Mwandishi hatetei wala halaumu. Anaandika kama muungwana aliyeuona utaratibu huo tangu utotoni, na msomaji wa leo ataona jinsi mambo mazito yanavyosemwa kwa sauti tulivu kabisa. Vilevile habari za unyago ni nyingi kuliko mtu angetazamia kutoka kwa mwandishi mwanamume, kwa kuwa sherehe hizo ni siri ya wanawake. Labda hapo alitegemea watu wengine.

Lugha ya kitabu ni Kimrima, lahaja ya pwani ya bara, siyo Kiunguja ambacho mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikipendekeza kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Sentensi ni fupi na karibu na mazungumzo. Desturi nyingi zilizoelezwa hazikuwa za Bagamoyo peke yake: msomaji anayeishi Makorora, Pangani au Saadani atakuta humo mambo aliyoyasikia kwa bibi yake, hata kama maneno mengine yamebadilika.

Swali la uandishi

Kwenye jalada la mwaka 1903 jina linaloonekana kama mtungaji ni la Velten. Kwa muda mrefu maktaba za Ulaya zilikiorodhesha kitabu hicho chini ya jina lake. Kwa kweli Velten alikusanya na kuhariri maandishi: aliagiza yaandikwe, akachagua mada, akapanga sura na kutafsiri. Maelezo ya mada bila shaka yalifuata pia mahitaji ya serikali, na ndiyo maana sheria, madeni na mamlaka ya majumbe yana nafasi kubwa. Bwana Shauri alipaswa kujua mambo hayo ili aamue kesi. Lakini maneno ni ya watu wa pwani, na sehemu kubwa ni ya Mtoro.

Si haki kumpa Mtoro kila ukurasa, kwa kuwa watu wengine walichangia pia. Wala haifai kumfanya mtoa habari tu. Mtu aliyeandika sura hizo alijua kuteua, kulinganisha na kueleza kwa mgeni jambo ambalo mwenyeji hahitaji kuelezwa. Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu wa masomo ya jamii, hata kama chuo kilimlipa kama msaidizi.

Ndoa

Mnamo Oktoba 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mfanyakazi wa kiwandani mjini Berlin. Ndoa ilifungwa kiserikali na ilikuwa halali kabisa, kwa kuwa sheria ya Ujerumani yenyewe haikukataza ndoa kati ya Mwafrika na Mzungu. Makatazo yalikuja katika makoloni, moja baada ya lingine: Afrika ya Kusini-Magharibi mwaka 1905, Afrika ya Mashariki mwaka 1906, Samoa mwaka 1912. Hata hivyo ndoa ya mwalimu wa Seminari haikupokelewa vizuri na watu wenye uhusiano na makoloni.

Mwaka uliofuata, baada ya migogoro yake chuoni, Mtoro aliacha kazi na kuamua kurudi Bagamoyo pamoja na mke wake.

Safari ya mwaka 1905

Wakati ule njia ya kawaida ilikuwa meli za kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki zilizopita mfereji wa Suez. Bandari ya kwanza ya koloni katika njia hiyo ilikuwa Tanga, kisha Dar es Salaam. Mtoro na Bertha walifika Dar es Salaam lakini hawakuruhusiwa kushuka. Walowezi na maofisa waliona kwamba mwanamke Mjerumani anayeishi nyumbani kwa mumewe Mwafrika, kati ya watu wa Bagamoyo, angeharibu cheo cha Wazungu machoni pa wenyeji. Gavana wakati huo alikuwa Gustav Adolf von Götzen. Mwaka ule ule ulikuwa pia mwaka wa kuanza kwa vita ya Maji Maji, iliyowatia hofu Wajerumani wote wa koloni.

Ikumbukwe kwamba hapakuwa na sheria waliyoivunja. Katazo la ndoa za namna hiyo lilitolewa katika koloni mwaka mmoja baadaye. Wanaume wa Kizungu waliokaa na wanawake wa Kiafrika katika koloni hilohilo walikuwa wengi, na hakuna aliyezuiwa kushuka melini kwa sababu hiyo. Mke na mume walilazimishwa kurudi Ujerumani. Mtoro hakuiona tena Bagamoyo.

Aliandika barua za kudai haki yake kwa mamlaka za Berlin. Barua hizo zimehifadhiwa, na zinaonyesha mtu anayejua kwamba ameitumikia serikali kwa uaminifu na anayetaka sababu ya kufukuzwa. Hakupata ruhusa.

Hamburg na miaka ya mwisho

Baada ya miaka migumu alipata tena kazi ya chuo. Mwaka 1908 ilianzishwa Taasisi ya Ukoloni mjini Hamburg, chimbuko la chuo kikuu cha mji huo. Mwaka 1909 Carl Meinhof, mwanaisimu mashuhuri wa lugha za Kibantu ambaye alikuwa amefundisha Seminari ya Berlin, aliitwa huko kuongoza idara ya lugha za Kiafrika. Mtoro akawa msaidizi wake wa lugha mpaka mwaka 1913. Meinhof alichunguza matamshi, na kwa kazi hiyo alihitaji wasemaji waliokaa naye siku kwa siku.

Baadaye Mtoro alirudi Berlin na kuishi kwa kutoa mihadhara kuhusu Afrika ya Mashariki mbele ya wanafunzi wa shule na wanachama wa vyama mbalimbali. Vita Kuu ya Kwanza ilikata njia ya kwenda nyumbani kwa mara ya pili, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliondoa koloni lenyewe mikononi mwa Ujerumani. Waafrika waliobaki huko waligeuka kuwa watu wasio na nchi inayowawajibikia: si raia wa Ujerumani, wala si watu walio mikononi mwa Waingereza waliotawala Tanganyika. Bertha alibaki naye.

Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927.

Maandishi yake baada ya kifo

Wakati wa utawala wa Waingereza vitabu vya Velten vilisahauliwa nje ya duara la wataalamu wachache. Mwaka 1965 Lyndon Harries alitoa uteuzi wa maandishi yaliyokusanywa na Velten, akarudisha baadhi yake mbele ya wasomaji. Kazi kubwa zaidi ilifanywa na J. W. T. Allen, mtafutaji wa miswada ya Kiswahili katika pwani yote, aliyetafsiri Desturi kwa Kiingereza. Toleo lake lilichapishwa Marekani mwaka 1981, baada ya kifo chake, na safari hii jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari liliwekwa kwenye jalada, pamoja na kutajwa kwa Waswahili wengine waliochangia. Maisha yake yalipata kitabu chake mwaka 2009, kilichoandikwa na Ludger Wimmelbücker na kutolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam.

Seminari ya Berlin iliendelea kuajiri wasaidizi Waafrika hata baada ya makoloni kupotea. Katika miaka ya 1930 alifundisha humo Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam na askari wa zamani, ambaye alikamatwa na Wanazi na kufa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Leo Kiswahili kinafundishwa katika Chuo Kikuu cha Humboldt mjini Berlin na katika Chuo Kikuu cha Hamburg, ndani ya programu zinazounganisha lugha, historia, fasihi na siasa za Afrika. Wanafunzi wa uzamili wanaochagua historia ya pwani hukutana na Desturi za Wasuaheli mapema katika masomo yao, kwa kuwa hakuna kitabu kingine cha wakati ule kinachoeleza maisha ya Mrima kwa upana huo na kwa lugha ya wenyewe.